Kamba Hukatikia Pabovu: Cheni, Kulabu na Shakeli za Matrekta ya Zamani

Wazee wangu wa Terrat, akina mama wa Muriet na Mkonoo, vijana madereva na matandiboi mliorudi sasa hivi kutoka shambani, karibuni tuzungumze.

Jioni hii nataka tuongee habari za vipande vitatu vya chuma ambavyo mkulima havihesabu anapotaja mali zake. Trekta atalitaja. Plau atalitaja, haro ataitaja, tela atalitaja. Lakini cheni, kulabu na shakeli havitaji. Vipo chini ya kiti, vimechanganyika na spana na dumu la oili, na havikumbukwi mpaka siku trekta limenasa. Siku hiyo ndipo vinatolewa kwa haraka, matope yakiwa magotini, na uhai wa watu wawili watatu unawekwa juu yake.

Ninaposema Terrat ninamaanisha kata yetu ya kusini mwa Jiji la Arusha. Ndugu zetu wa Terrat ya Simanjiro nao wakae wasikilize, maana jambo hili ni lao vilevile, kama lilivyo la Karatu, Monduli na Kilimanjaro Magharibi. Kote huko bado zinalima mashine zilizotengenezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Tuanze na mashine zenyewe, kwa sababu zinastahili heshima. Lile trekta jekundu, Massey Ferguson 135, lilianza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1964. Kabla yake lilikuwepo la 35. Na kabla ya hilo lilikuwepo Ferguson la kijivu, TE20, lililoanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Ongeza Ford za miaka ya sitini na sabini, na Valmet zilizokuwa zikiunganishwa hapa hapa nchini, Kibaha, katika kiwanda cha TRAMA. Huko Ulaya matrekta ya umri huo husuguliwa yakang'aa na kupelekwa kwenye maonyesho. Kwetu yanalima mahindi na maharage, yanavuta tela la mawe na mchanga, yanabeba nyasi za ng'ombe na madumu ya maji. Hayana kompyuta wala nyaya nyingi. Fundi mwenye funguo na akili timamu huyafungua asubuhi na jioni yakawaka. Ndiyo maana tumekaa nayo, na sioni aibu yoyote katika kukaa nayo.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba nakuja kulaumu uzee wa trekta. Trekta la mwaka 1965 lililotunzwa linaweza kulima salama. Hatari ninayoisema ipo kwenye kiungo: pale trekta linapokutana na kile linachokivuta.

Nchi hii inajua habari za kuvuta kwa cheni tangu zamani. Makaburu waliokuja kuishi kandokando ya Mlima Meru kuanzia mwaka 1904 na 1905, baada ya vita vyao na Waingereza huko Afrika Kusini, walitumia magari ya kukokotwa na ng'ombe, na kati ya jozi moja ya ng'ombe na nyingine palipita cheni. Plau la ng'ombe nalo, mpaka leo, linashikwa na nira kwa cheni. Kisha ukaja ule Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, kuanzia mwaka 1947 mpaka 1951, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Msitu wa Kongwa ulipowashinda, walichukua cheni za nanga za meli, wakafunga cheni moja kati ya matingatinga mawili, yakatembea sambamba yakiangusha miti. Mpango ule uliteketeza pauni milioni 36 na karanga zilizovunwa zilikuwa chache mno. Lakini angalieni jambo moja ndani ya mkasa ule mkubwa: kwa kazi ya kung'oa miti walitafuta cheni ya meli. Walijua kwamba kila kazi ina cheni yake.

Sisi hapa mara nyingi tunafanya kinyume. Cheni ya plau la ng'ombe ndiyo hiyo hiyo tunayoitoa kuvutia trekta. Hebu tupige hesabu. Ng'ombe wa kulimia, akifanya kazi ya kutwa, huvuta nguvu ya takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Jozi yenye kilo 600 kwa pamoja inavuta kama kilo 60 hivi, na zaidi ya hapo kwa muda mfupi ikikaza. Cheni nyembamba inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Massey Ferguson 135 peke yake, kabla hujalifunga kitu nyuma, lina uzito wa karibu tani moja na nusu. Likizama mpaka ekseli kwenye tope la masika, na tope likashikilia, nguvu ya kulitoa haina uhusiano wowote na nguvu ya ng'ombe wawili.

Sasa niwaeleze kinachotokea shambani, maana kila mwenyeji wa ukanda wetu huu ameshakiona. Mvua za Machi zimeanza. Trekta limeingia shambani mapema mno kwa sababu foleni ya wateja ni ndefu. Gurudumu moja la nyuma linazunguka bure, linachimba. Linaitwa trekta la jirani. Cheni inatolewa. Upande mmoja inazungushwa kwenye ekseli ya mbele ya lile lililonasa, na upande wa pili inaning'inizwa kwenye kulabu iliyokunjwa kwa nondo na kuchomelewa juu, nyuma ya trekta la kuvuta. Cheni ni fupi, kwa hiyo inaongezwa kwa bolti. Watoto wamekusanyika, wakubwa wamesimama pembeni ya cheni wakishauri. Dereva wa mbele anavuta mara ya kwanza, halisogei. Mtu anapiga kelele, "Rudi nyuma, ingia na kasi!" Dereva anarudi nyuma mpaka cheni inalala chini, anakanyaga mafuta, anaachia klachi.

Ndugu msikilizaji, simamisha picha hiyo hapo, kabla cheni haijakaza. Katika picha hiyo kuna makosa matano, na lolote kati yake linatosha kuua. Tuyachukue moja moja.

Kosa la kwanza ni ile kasi. Watu wanadhani kuingia na kasi ni kulisaidia trekta. Tuseme trekta lenye uzito wa tani 2 linakwenda kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Cheni ya chuma hainyooki kama kamba, ikikaza imekaza. Trekta hilo likisimamishwa ndani ya umbali wa sentimita 10, nguvu inayoingia kwenye cheni kwa wastani ni karibu tani 8. Punguza mwendo ufike kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, na nguvu inashuka mpaka kama tani 2. Umepunguza mwendo kwa nusu, nguvu imepungua mara nne. Hiyo ni fizikia ya darasani, na shambani haibadiliki kwa sababu ya haraka ya mtu. Kwa hiyo kanuni ni moja: kaza cheni kwanza, taratibu, mpaka pete zote zimenyooka, halafu vuta kwa gia ndogo kabisa. Likigoma, teremka uchimbe. Jembe na koleo, mawe na matawi chini ya gurudumu, hutoa matrekta mengi kuliko mshtuko wa cheni.

Kosa la pili ni kulabu ya nondo. Hapa nataka niseme kwa heshima, kwa sababu mafundi wetu wa eneo la Unga Limited na wenzao wa gereji za vijijini ndio waliotunza mashine hizi. Miaka ambayo vipuri havikupatikana, wao walivichonga. Lakini kuna vitu fundi mwema anakataa kuvitengeneza, na kulabu ya kuvutia ni kimojawapo. Kulabu ya kiwandani imefuliwa: chuma kimepashwa moto, kikapigwa kikafuata umbo, kisha kikapozwa kwa kipimo ili kiwe kigumu bila kuwa kikavu. Kulabu ya namna hiyo ikizidiwa, hufunguka mdomo polepole. Inakupa taarifa. Unaiona imepanuka, unaitupa. Nondo iliyokunjwa kwa nyundo na kuchomelewa haikupi taarifa. Ama inanyooka ghafla, ama inakatika pale pale moto wa kuchomelea ulipopita, na kipande chake kinaruka.

Kosa la tatu ni bolti. Cheni fupi iliongezwa kwa bolti, na hapo cheni yote imegeuka kuwa bolti. Wahenga walishalimaliza jambo hili waliposema kamba hukatikia pabovu. Unaweza kuwa na cheni ya tani 3 na kulabu ya tani 3. Ukiziunganisha kwa bolti ya nusu tani, una kifaa cha nusu tani, basi.

Kosa la nne ni mahali cheni ilipofungwa kwenye trekta linalovuta. Hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloua madereva.

Kosa la tano ni wale watu waliosimama kando. Nao nitawarudia.

Lakini kwanza tuishike shakeli mkononi. Shakeli ni kile kipande cha chuma chenye umbo la herufi U, chenye matundu mawili mwishoni, na pini inayopita katika matundu hayo. Ukiichukua iliyo nzuri, geuza mwili wake kwenye mwanga. Utaona maandishi yaliyotokeza katika chuma chenyewe, hayakuandikwa kwa rangi: jina la mtengenezaji, unene, na uzito wa kazi, mara nyingi ukitanguliwa na herufi WLL. Shakeli yenye mwili wa milimita 16, kwa mfano, huwa imeandikwa tani 3 na robo. Ile ya milimita 19 ni tani 4 na robo tatu. Sasa tazama pini. Pini ni nene kuliko mwili kwa milimita kama 3. Mtengenezaji hakukosea hapo. Pini ndiyo inayobeba mzigo katikati bila kushikwa, kwa hiyo ameipa unene zaidi. Ukipoteza pini na kuweka bolti inayopita kirahisi, umeondoa kile alichokuongezea.

Shakeli zipo za aina mbili kubwa. Moja ina mwili mwembamba ulionyooka kama herufi D, nayo inataka kuvutwa mstari mmoja tu. Nyingine ina tumbo pana, na hiyo inaweza kupokea cheni mbili zinazotoka pande mbili. Zote mbili hazipendi kuvutwa ubavu. Ukiivuta shakeli kwa upande, pembe ya mraba na mstari wake, nguvu yake inabaki nusu. Pini ya kuzungusha ikazwe mpaka bega lake liguse mwili, kisha ifungwe kwa waya mwembamba, kwa sababu mtikisiko wa trekta huilegeza kidogo kidogo. Mahali pa kudumu, kama penye tela linalokaa limefungwa msimu mzima, tumia shakeli yenye pini ya nati, na nyuma ya nati pitisha pini ndogo ya kukunja ncha.

Na cheni? Ipanguse tope, utafute namba. Cheni ya kazi nzito hugongwa muhuri kila baada ya umbali wa kama mita moja, namba 8 au 80. Namba hiyo inaeleza uimara wa chuma. Cheni ya namba 80 yenye unene wa milimita 10 imepewa uzito wa kazi wa tani 3 na kilo 150, na ili ikatike inahitaji mara nne ya hapo. Cheni ya kawaida ya dukani, isiyo na muhuri, yenye unene huo huo, haifiki hata nusu yake. Kwa macho zinafanana kabisa. Ndiyo maana nasema soma muhuri; unene peke yake hautoshi.

Cheni hiyo ya namba 80 imepikwa kwa moto wa kipimo kiwandani. Ikipita nyuzi joto 400, upishi wake umeharibika na haurudi. Moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana. Kwa hiyo cheni iliyokatika ukaichomelea na kung'ang'ania kuitumia, umeharibu pete uliyochomelea na jirani zake. Kuna viungo maalumu vya kuungia vyenye namba sawa na cheni. Visipopatikana, cheni fupi ibaki fupi, itafutiwe kazi inayoifaa. Na cheni haifungwi fundo. Pete iliyolala ubavu ndani ya fundo inakunjwa mahali ambapo haikuundwa kukunjwa.

Kulabu nazo hazifanani. Ipo yenye mdomo mwembamba, inayoingia kati ya pete mbili na kushika pete moja isiteleze. Hiyo ni ya kufupisha cheni. Ipo yenye mdomo mpana ambayo cheni inapita ndani yake na kujikaza yenyewe. Na ipo yenye ulimi wa springi unaofunga mdomo, ili cheni ikilegea kulabu isichomoke. Kwa trekta linalotikisika, nakushauri chagua ya ulimi. Na siku zote cheni ikae kwenye kiti cha kulabu, yaani kule ndani kabisa kwenye mviringo. Mzigo ukining'inia kwenye ncha, kulabu iliyo bora nayo itafunguka.

Sasa nirudi kwenye lile kosa la nne. Dereva wa trekta la zamani, kaka yangu, hapa nisikilize vizuri. Trekta lako la MF 35 au 135 halina kibanda wala fremu ya chuma juu ya kichwa chako. Nchi kama Uswidi zililazimisha fremu hizo kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, lakini mengi ya yaliyotufikia hayana. Magurudumu ya nyuma yanapogoma kuzunguka, nguvu ya injini haipotei. Inatafuta kitu kingine cha kuzungusha, na kilichobaki ni mwili wa trekta wenyewe, kuizunguka ekseli. Pua inanyanyuka. Ukiwa umefunga cheni juu, kwenye ekseli au kwenye tundu la mkono wa juu wa haidroliki, kile unachokivuta kinakusaidia kujipindua. Wataalamu wa usalama wa matrekta wanasema dereva ana kama robo tatu ya sekunde tu kabla trekta halijafika mahali pasipo na kurudi. Hakuna mguu wenye mbio za kukanyaga klachi kwa wakati huo.

Harry Ferguson mwenyewe, ambaye matrekta haya yamebeba jina lake, alilijua tatizo hili. Matrekta ya Fordson ya kuanzia mwaka 1917 yalijulikana kwa kupinduka kinyumenyume plau likigonga jiwe au kisiki. Mfumo wake wa mikono mitatu, ambao mpaka leo upo nyuma ya karibu kila trekta duniani, ulizuia kwa sehemu kubwa hatari hiyo kwa plau. Lakini mikono ile haikukusudiwa kufungwa cheni ya kunasulia. Ya kuvutia ni ile baa iliyo chini, katikati, chini ya ekseli. Hapo tu. Funga chini, na pua ya trekta itabaki ardhini. Ukiwa na uzito wa mbele, uweke. Na ukiona pua inaanza kunyanyuka, usisubiri kuona itafika wapi.

Na kosa la tano, watu. Cheni ya milimita 10 ina uzito wa kilo 2 na ziada kwa kila mita. Mita 6 ni kilo 13 za chuma. Ikikatika ikiwa imekaza, mwisho wake hauanguki chini kwa adabu. Na kamba ya nailoni yenye kulabu ya chuma mwishoni ni mbaya zaidi, kwa sababu kamba inanyooka na kujilimbikizia nguvu. Kulabu ikichomoka, umetengeneza manati, na jiwe lake ni kilo mbili za chuma. Kwa hiyo kila mtu asiye dereva akae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa cheni, na asisimame kwenye mstari wake. Tupa gunia zito lililolowa katikati ya kamba au cheni, lipunguze kuruka. Chagua mtu mmoja tu wa kutoa ishara. Watoto waondolewe kwanza, kabla hata trekta la pili halijawashwa.

Kuna jambo jingine dogo linalohusu barabara. Matela yetu yanatoka mashambani na kukatiza barabara ya mchepuo inayopita kusini mwa jiji, katikati ya malori na bodaboda. Mengi yameshikwa kwa kipande cha nondo kilichopachikwa kwenye tundu la baa bila kizuizi chochote chini. Shimo moja tu, kipande kinaruka juu, tela linakwenda njia yake. Weka pini ya kipimo cha tundu, yenye kizuizi cha springi chini yake. Kisha ongeza cheni mbili za akiba, zipite zikikatana chini ya mkono wa tela. Pini ikitoka, mkono unaangukia juu ya cheni hizo badala ya kuchimba lami, na dereva anapata nafasi ya kusimama.

Najua swali lililopo. Utaniambia, mzee, hivyo vyote ni fedha, na trekta langu lenyewe ni la kukodisha kwa ekari. Nakubali ni fedha. Lakini linganisha na unachokitumia kwenye tairi moja ya nyuma. Linganisha na pampu ya dizeli. Katika vitu vyote unavyolinunulia trekta la zamani, cheni yenye muhuri na shakeli mbili ni miongoni mwa vya bei ndogo, na ndivyo vinavyosimama kati ya dereva na kaburi. Kama mmoja hawezi, watatu wanaweza. Wenye matrekta wa mtaa mmoja wanunue seti moja nzuri, iwekwe mahali panapojulikana, iwe na mtunzaji, na itolewe kwa kuandikisha.

Na ukaguzi hauhitaji mashine. Mara moja kwa mwezi, na kila baada ya kazi ngumu, osha cheni, itandaze juu ya turubai, uipitie pete kwa pete kwa vidole. Pete iliyonyooka ikarefuka, pete isiyocheza na jirani yake, pete yenye ufa au iliyolika, zote ni za kuachwa. Siku unayoinunua, pima urefu wake uuandike. Ikiongezeka zaidi ya sentimita 5 kwa kila mita, imeshavutwa kupita uwezo wake, iache. Unene wa pete ukipungua kwa sehemu moja ya kumi pale zinaposuguana, iache. Kulabu iliyofunguka mdomo kwa sehemu moja ya kumi ya upana wake wa awali, au iliyojipinda, iache. Na kuiacha maana yake ni kuikata vipande, kwa sababu ukiitupa nzima nyuma ya nyumba, kijana mwingine ataiokota.

Sasa niwageukie wenye dhamana. Arusha yetu imebahatika. Hapa ndipo ilipo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Hapa ndipo ilipo TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo, hapa kipo Chuo cha Ufundi Arusha, hapa wapo VETA wa mafunzo ya ufundi na SIDO wa viwanda vidogo. Kila Agosti tunakutana kwenye viwanja vya Themi, Njiro, kwa Nane Nane, tukionyeshwa matrekta mapya yanayong'aa. Naomba mwaka huu pawepo meza moja ya mkulima mwenye trekta la zamani. Juu ya meza hiyo ziwekwe cheni mbili zinazofanana, moja yenye muhuri na moja isiyo nao, na mkulima azione zikivutwa mpaka mwisho wake. Atajifunza mengi zaidi kwa dakika kumi kuliko kwa hotuba yangu hii. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, wana Sheria ya mwaka 2003 mkononi. Tunawaomba waifikishe mpaka shambani, kwa mafunzo kabla ya faini. Na Shirika la Viwango litusaidie tujue cheni ipi dukani ina muhuri wa kweli.

Nanyi mafundi wa kuchomelea, ndugu zangu, mna neno kubwa kuliko la serikali. Siku mteja anapokuletea nondo na kusema nikunjie kulabu ya trekta, mwambie hapana. Mchomelee bawaba ya geti, mchomelee fremu ya tela, mtengenezee hata ile fremu ya kumlinda dereva kwa michoro ya wataalamu. Kulabu ya kuvutia mwambie akanunue. Utapoteza hela ya siku moja, na hutaitwa msibani ukajiuliza chuma kile kilikuwa cha nani.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ipo isiyo na kinga. Hii ninayoisema leo ina kinga, tena inayojulikana: soma muhuri, funga chini, kaza taratibu, ondoa watu, tupa kilichochoka. Masika hayajafika. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda kwenye trekta lako, toa cheni iliyo chini ya kiti, ioshe, uikague. Ikikushinda kuitambua, ipeleke kwa anayejua. Na ile kulabu ya nondo iliyochomelewa nyuma, ikate leo.

Mlime salama.